Jeshi la Nyota

Mjukuu wangu aliandikwa askari kwa sababu ya mdomo wangu. Nalisema hapa mwanzo ili msomaji asipoteze nguvu akitafuta mwenye kosa kati ya Wamalawi, au Warundi, au mashine. Mwenye kosa ni mimi. Nilikuwa najivuna, na hata leo najivuna, ila siku hizi naangalia kwanza nani anatafsiri.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya Kongo. Watu wa Uvira na Fizi tulikuwa tumejaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tumechanganyika na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili, hiki chetu cha kusema njo badala ya ndio, njo kilikuwa sufuria yetu moja. Nilikaa kwenye nyumba ya matofali mabichi, mimi na mjukuu wangu, binti wa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mkavu, mikono mikubwa kama ya baba yake, na maneno machache. Ukimwuliza jambo anakuangalia kama mtu anayesubiri umalize kukohoa. Kwa hiyo mi nilikuwa nasema kwa niaba yake. Kanisani, sokoni, bombani, hospitali alipoumwa jino, kila mahali yeye anasimama nyuma yangu, mi nasema.

Alinifikia nyumbani kwangu Baraka, kando ya ziwa, kwa miguu, peke yake, akitoka Uvira alikokuwa anakaa na mama yake. Nilimwuliza, "Mama yako iko wapi?" Akajibu, "Amebaki." Amebaki wapi? "Amebaki." Basi. Siku tatu baadaye tulivuka ziwa kwenda Kigoma, na kutoka Kigoma tukasogea, tukasogea, mpaka Malawi. Kila mpaka walipouliza habari za mama yake, mi nilisema malaria. Malaria ni jibu zuri. Hakuna anayekuuliza malaria ilishika bunduki gani.

Sasa nieleze mchezo uliotuponza.

Kambini kulikuwa na Mrundi mmoja mnene, mwenye nyumba ya video. Mwanzo alikuwa anaonyesha filimu tu. Moja ilipendwa kuliko zote. Ilikuwa na sehemu tatu au nne, na watu walirudi kuiangalia kama ibada. Habari zake ni askari wa siku zijazo wanaosafiri mpaka kwenye nyota fulani kupigana na viumbe vya huko. Wengine waliviita mashetani. Mi niliona kambale. Kambale kabisa wa ziwa letu, mdomo mpana na zile ndevu, ila ana miguu sita na anakimbia juu ya ukuta. Kisha yule Mrundi akaenda Kanengo, kwenye depo la tumbaku lililokuwa linaondoa vyombo vyake vya zamani, akarudi na kompyuta nyuma ya kabaza, yaani baiskeli ya kupakia watu, ameifunga kwa mpira kama mbuzi. Ile kompyuta ilinuka tumbaku. Ikipata joto, watu wote mle ndani wanapiga chafya. Akatia ndani CD ya mchezo uliotengenezwa kutoka kwa filimu zile zile. Kambale wale wale, nyota ile ile, ila sasa askari ni wewe.

Mchezo wa namna hiyo sisi tunauita je. Ni neno la Kifaransa, tulilibeba kutoka nyumbani pamoja na masufuria. Mtoto wetu hasemi anaenda kucheza kompyuta. Anasema, "Niko naenda mu je." Na huo wa Mrundi ukaitwa je ya nyota. Hakuna mtu kambini ambaye hakujua je ya nyota ni nini, na hilo njo lilinidanganya nikadhani dunia nzima inajua.

Siku ya kwanza nilikwenda kumtoa mjukuu wangu mle ndani na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeacha bukari, ugali wetu, motoni, na yeye nilimtuma maji saa nzima iliyopita. Ndoo niliikuta mlangoni, imejaa. Vijana wamesimama kimya nyuma ya kiti kimoja, na kwenye kiti ni yeye.

Nikaangalia kioo. Niliona mikono miwili yenye glavu za chuma, imeshika bunduki, na njia ndefu inakimbia kuja usoni kwangu. Kichwa kikanizunguka.

"Askari mwenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Ni mi, koko." Koko kwetu ni bibi.

"We uko hapa kwa kiti."

"Mu je hauonekane. Unaona mikono yako tu."

"Na uso?"

"Uso, bale unaua njo banaionaka." Yaani wale unaowaua njo wanauona.

Kambale mmoja akashuka kutoka darini. Mi nikapiga yowe, nikainua mwiko. Yeye hakupepesa jicho. Alimpiga katikati ya zile ndevu, akageuka, akapiga wa pili, akaendelea na safari kama mtu anayepalilia. Kijana mmoja akanigeukia, jasho linamtoka kana kwamba yeye njo alikimbia. "Koko, huyu mujukuu yako ni hatari! Siye bote tunakufiaka pale mu mulango."

Bukari iliungua siku hiyo. Nilibaki mle mpaka mwisho.

Tangu hapo nikawa nakwenda. Watu walinicheka, mwanamke wa kanisa kusimama kwenye nyumba ya video na kitambaa cha kwaya kichwani. Niliwaacha wacheke. Mi sikusoma, darasa la pili njo mwisho wangu, na mama yake alisoma kidogo tu, na sasa mtoto wa kike wa nyumba yangu amekaa mbele ya kompyuta na wanaume wamesimama. Nilikuwa natoa amri kutoka nyuma. "Nyuma yako! Ingine iko pale juu!" Yule Mrundi ananiambia, "Mama, unyamaze, unaharibia batu masikio." Namjibu, "Uninyamazishe we nani? Mi njo nilizaa mama ya hii mikono."

Mchezo ule ulikuwa na nyumba nyingi za chuma, moja baada ya nyingine. Ukimaliza kusafisha moja, mlango unafunguka, unaingia nyingine. Nyumba hizo zilikuwa na majina ya Kiingereza yasiyoshikika mdomoni. Mjukuu wangu akazipa majina yake. Ya kwanza aliiita Uvira. Ya pili Kalundu. Kisha Swima, kisha Mboko, kisha Nundu. Ni njia yetu ya kando ya ziwa, ukitoka Uvira kushuka Baraka. Vijana wengine wakafuata, hata Warundi ambao hawajawahi kukanyaga huko. Ungesikia mtoto wa Bujumbura akilia, "Nimekufa Swima mara tano!" Nilimwuliza mjukuu wangu mbona majina hayo. Akasema, "Juu inafuatana," yaani kwa sababu yanafuatana. Nilifikiri ni mtoto anakumbuka kwao. Sikuuliza tena.

Kisha wakaja watu wa karatasi.

Walitoka Lilongwe na meza yao na mihuri yao, kusikiliza familia moja moja. Mwenye kusikilizwa vizuri anaandikwa kwenye karatasi ya familia, na aliyeandikwa njo mtu: anapata chakula, anapokelewa hospitali, anaweza kulala bila kuogopa gari la kumrudisha kwao. Asiyeandikwa ni mgeni wa upepo. Ofisa alikuwa Mmalawi, mtu wa makamo, mpole, anayefuta miwani kila baada ya jibu. Mkalimani wake alikuwa Mmalawi pia, kijana aliyefanya kazi Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mi nikisema "iko", yeye anatabasamu.

Tulikwenda vizuri. Kijiji, shamba, ziwa, Kigoma. Malaria. Kisha ofisa akamwangalia mjukuu wangu, akauliza kitu, na mkalimani akasema, "Mama, anauliza binti ana ujuzi gani. Anajua kufanya nini?"

Ningeweza kusema analima. Anajua kushona kidogo. Anaimba sauti ya tatu. Lakini nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu wa maana aniulize.

"Huyu?" nikasema. "Bwana, musimuone vile iko kimya. Huyu njo nambari moja mu je ya nyota. Alianzia Uvira, akapita Kalundu, akapita Swima, akafika Mboko, akaua bote. Bote! Hakuacha hata kamoja. Banaume ba Dzaleka muzima banamuogopa."

Mkalimani alisita. "Je… jeshi la nyota?"

"Njo ile," nikasema. Sikuwa namsikiliza, nilikuwa natafuta sifa nyingine. "Na bunduki, anaishika kushinda askari ya kweli."

"Alianza akiwa na umri gani?"

"Kumi na sita. Kwa siku tatu akajua yote."

Mjukuu wangu akanivuta mkono wa gauni. "Koko…"

"Acha niseme. We hausemake."

Ofisa alifuta miwani muda mrefu. Akaiweka pembeni karatasi aliyokuwa anaandika, akachukua nyingine, ya rangi ya manjano. Mi nilipoona karatasi mpya nikajua ni ya wenye vipaji. Nilitoka pale nimeumuka kama unga wenye hamira.

Wiki chache zikapita, orodha ikabandikwa. Nilimsukuma mtu nikasogea. Jina langu lilikuwepo. Chini ya jina langu palikuwa na familia nyingine. Nikasoma tena, kidole juu ya karatasi, maana mi nasoma kwa kidole. Mjukuu wangu hakuwepo.

Ofisi ya kambi ilikuwa na karani mwanamke, mtu wa Karonga, anayejua Kiswahili cha mpakani. Alitafuta, akapata nakala, akasoma kimya, akaniangalia juu ya karatasi.

"Agogo," akasema, njo neno lao la kumwita bibi, "hapa wameandika mjukuu wako alikuwa askari. Jeshi la Nyota. Ameua watu kutoka Uvira mpaka Mboko. Na shahidi ameandikwa ni wewe."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Askari haandikwi pamoja na wakimbizi. Faili lake liko Lilongwe. Likibaki hivi, watamtenga nawe. Wanaweza kumrudisha."

"Kumurudisha wapi?"

"Alikotoka."

Kutoka dakika ile sikuweza kukaa tena. Ninasema kukaa kabisa, matako juu ya kitu. Nilikula nimesimama. Kanisani nilikwenda kusimama nyuma pamoja na wenye watoto wachanga, natingisha mguu kana kwamba nabembeleza mtu. Nilikwenda bombani bila ndoo. Nilipalilia shamba mpaka nikapalilia na muhogo wenyewe, jirani akaja kuninyang'anya jembe. "Mama, unalima ao unapigana?" Mjukuu wangu nilipomweleza, alisema neno moja tu: "We njo ulisema, koko." Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Jioni ile alikunja nguo zake, zilikuwa nne, akaziweka juu ya mfuko mlangoni, tayari. Nikazikunjua. Kesho yake nikazikuta zimekunjwa.

Karani wa Karonga alinipa shauri: nenda Lilongwe mwenyewe, omba wakusikilize tena, na upeleke kitu cha kuonyesha. Maneno matupu hayafuti maneno. Kitu cha kuonyesha nilikijua kilipo.

"CD?" akasema Mrundi. "Mama, ile CD njo ng'ombe yangu ya maziwa. Ikikwaruzwa mu njia, nitaonyesha batu nini? Kitambi changu?"

"Nipatie siku mbili."

"Hapana. Sikiliza, Dzaleka mu Kichewa banasema ni 'sitarudia tena'. We nenda mbele ya ofisa, urudilie jina ya kambi, atakusamehe."

"Sawa," nikasema. "Nitaenda bila CD. Baniulize tu fasi gani alifundishiwa bunduki. Nitabaambia: kwa Mrundi fulani, nyumba ya mabati, pembeni ya kinyozi. Yeye njo mwenye kambi ya mafunzo. Iko na vijana arobaini kila siku."

Kitambi kikatulia. Alitoa CD kwenye mashine ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye gazeti, kisha kwenye taulo, kisha akanipa kofia yake ya sufu niitie ndani. "Mama," akasema, "usitaje jina yangu hata ukiona malaika."

Tulitoka na matola, gari la mizigo, mi na mjukuu wangu, juu ya magunia ya mahindi. Mtu mmoja alinisihi nikae chini. Nilisimama nimeshika bomba la kibanda cha dereva njia nzima mpaka tulipopita maghala ya Kanengo, na ile harufu ya tumbaku ikanipiga usoni, mjukuu wangu akapiga chafya. Tulilala Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, kwa mwanamke wa Fizi anayeshona, kwenye sakafu yake, na asubuhi alitupeleka mpaka mlango wa ofisi na kuniambia kitu kimoja: "Dada, leo sema kidogo."

Nje ya ofisi kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi watu wetu wa kila aina, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na bahasha zao magotini. Mjukuu wangu alikaa. Mi nilitembea kutoka benchi la kwanza mpaka la mwisho na kurudi, mpaka mzee mmoja akasema, "Mama, unatuchosha miguu yetu." Tuliitwa baada ya saa sita ya mchana.

Ofisa alikuwa yule yule, na mkalimani yule yule wa Kiswahili cha pasi. Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kambale mbele, kompyuta nyuma, na nikaona mkalimani anatafsiri huku uso unasema haamini mdomo wake. "Je ni jeu," nikasema, "Kifaransa! Mchezo! Mchezo wa kompyuta!" Nikatoa kofia ya Mrundi, nikatoa taulo, nikatoa gazeti, nikaweka CD mezani.

Ofisa aliigeuza geuza. Nafikiri alitaka tu tumalize, tutoke. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na kompyuta ya ofisi, nzuri, haina harufu yoyote, na visanduku viwili vya sauti. Mkalimani akatia CD. Mashine ikanung'unika. Ikangoja. Mjukuu wangu akaonyesha kwa kidole wapi pa kubonyeza, kisha akaambiwa akae yeye.

Hakuna aliyejua sauti ya kompyuta ile ilikuwa imefunguliwa mpaka wapi.

Bunduki ililia. Kwa Mrundi ilikuwa inalia kama bati linalogongwa. Pale ililia kama kweli. Mfululizo, kisha mlipuko, kisha mfululizo tena, na madirisha yakatetemeka.

Sijui nilishukaje. Najua nilijikuta chini ya meza, shavu langu kwenye sementi, na mikono yangu miwili imeshika kiatu cha ofisa. Kutoka nje nilisikia mabenchi yakianguka, moja, la pili, la tatu, na baada ya hapo hakuna mtu aliyelia, hakuna aliyesema. Watu wetu wakisikia sauti ile hawapigi kelele. Wanalala na kunyamaza, hata watoto.

Mjukuu wangu peke yake hakuanguka. Alinyoosha mkono, akazungusha kitufe cha kile kisanduku, sauti ikafa. Kwenye kioo kambale waliendelea kuanguka kimya kimya.

Ofisa alisimama. Aliponiona nimeshika kiatu chake hakukivuta. Alingoja niachie. Kisha akafungua mlango, akaangalia nje, na nilimwona mgongo wake ukipungua. Watu wote walikuwa chini, kwenye sakafu, kwenye maua, mwanamke mmoja wa Burundi amemlalia mtoto ambaye hata si wake. Ofisa alipita kati yao akiinama, akiomba samahani, "Pepani. Pepani, chonde. Ni kompyuta tu." Taratibu watu wakaanza kuinuka na kujikung'uta, na yule mzee aliyechoka miguu akasema kwa sauti, "Hii ofisi inapokeaka bageni vizuri," watu wakacheka, kile kicheko cha baadaye kinachouma mbavu.

Ofisa akarudi, akafunga mlango, akakaa. Hakufuta miwani. Alimwambia mkalimani kitu, na mkalimani akamwuliza mjukuu wangu, pole pole sana, "Ipi hapa ni Mboko?"

Akamwonyesha. Nyumba ya nne, yenye moshi.

"Na Nundu?"

Akabonyeza, akamwonyesha.

"Anauliza, kwa nini uliziita hivyo?"

"Ni batoto tu, bwana," nikaanza, nikiwa bado napangusa vumbi magotini, "banakumbukaka kwabo, banacheza, mama yake alikufaka na mala…"

Ofisa akainua mkono. Hakuinua kwa hasira. "Agogo," akasema, na yaliyobaki nilielewa bila mkalimani. "Chonde. Panja." Tafadhali, nje.

Nilimwangalia mjukuu wangu aniombee nibaki. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilitoka. Watu wa mabenchi wakanisogezea nafasi, wakaniuliza imekuwaje. Nilitembea. Kutoka ukuta mpaka mti wa mwarobaini, kutoka mti mpaka ukuta. Mlango ulikuwa mzito, hakuna lililopita. Nilijaribu kuhesabu anaweza kuwa anasema maneno mangapi. Kumi? Ishirini? Nikajaribu dirishani, pazia. Nilikuwa na majibu yote tumboni, tarehe za mipaka, jina la boti, na hakuna aliyeyataka. Wito wa sala ya alasiri ukasikika kutoka msikiti wa mbali, na bado walikuwa mle.

Kisha mlango ukafunguka kidogo, akatoka mkalimani peke yake. Alikuwa ameshika kalamu. Alinijia mpaka kwenye mti na kusimama karibu, kama anayetaka kukopa.

"Mama, samahani. Kuna neno sitaki nilikosee." Aliangalia kiganja chake, alikuwa ameliandika hapo. "Kuheka. Kwenu, kuheka ni nini? Mara ya kwanza nilisikia kucheka. Nikaona haiwezekani."

"Kuheka ni kubeba mugongoni," nikamwambia. "Na kitambaa, unafunga mbele. Vile banabebaka mutoto."

"Mtoto tu? Hamsemi kwa mtu mzima?"

"Mutu muzima haahekwe. Juu ya nini?"

Aliangalia tena kiganja chake.

"Anasema alimheka mama yake."

Akasubiri kuona kama nina la kuongeza. Akanishukuru kwa Kiswahili chake kizuri, akarudi ndani, na safari hii alifunga mlango pole pole kama wa nyumba yenye mgonjwa.

Nilikaa. Chini, kwenye udongo, mgongo kwenye mti. Mama yake alikuwa mwanamke mnene, alinirithi mi.

Walipotoka, jua lilikuwa limeshuka upande wa Chilinde. Ofisa mwenyewe alinipa karatasi mkononi, mikono miwili, kama wanavyofanya wao kwa mkubwa. Nikaisoma kwa kidole. Jina langu. Chini yake, jina lake, na muhuri juu ya yote mawili. Ile ya manjano aliichana mbele yangu. Nilisema zikomo, zikomo, asante ya kwao, nikapiga goti, na mdomo wangu ukaishia hapo.

Tulitembea kuelekea kituo. Mjukuu wangu alitembea mbele, si nyuma yangu, na niliona mgongo wake chini ya blauzi, mwembamba, mifupa inaonekana. Kutoka Mboko ni njia ndefu. Au alianzia Swima, au Kalundu, sijui. Magari yalipita, mi nikatembea mpaka nikamfikia, tukawa sawa. Nilikuwa na maswali mengi kama kichuguu na mchwa wake. Nilichagua moja.

"Alikuwa muzito?"

Tulikwenda hatua kadhaa.

"Mwanzo," akasema. "Kisha hapana."